Ukoo wa watu 41, ndoa tatu za binamu: MERLIN inauruka, PLINK inalia makosa ya urithi. Nianze kurekebisha wapi?

kizazi_cha_tano ameandika:

Habari za jioni wakuu. Nina data ya ukoo mmoja wa pwani ya Tanzania, vizazi vitano, watu 41 kwenye mti, 12 kati yao ni waasisi (wazazi wao hawamo kwenye mti). Wanane wana uziwi ulioanza utotoni. Damu imepatikana kwa watu 22, na jenotaipu (herufi za DNA za kila mtu) zimesomwa kwa chipu ya snipu 700,000 hivi, yaani sehemu za DNA ambapo watu hutofautiana kwa herufi moja. Kuna ndoa tatu za mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, na wazazi wa karibu wagonjwa wote wanasikia vizuri, kwa hiyo tunadhani ni urithi wa kujificha: mtoto anaugua akipata nakala mbovu mbili.

Nimekwama sehemu tatu.

MERLIN, programu ya kutafuta jeni kwa kufuata urithi ndani ya ukoo, inauruka ukoo mzima, inasema ni mkubwa mno.

PLINK, programu ya kuchambua jenotaipu, kwa `--mendel` (inakagua kama mtoto angeweza kurithi alichonacho kwa wazazi hao) inatoa makosa 300 hadi 500 kwa kila utatu wa baba, mama na mtoto, isipokuwa kijana mmoja mgonjwa ambaye ana makosa 31,000.

PI_HAT, kipimo cha udugu cha PLINK, inaonyesha hata wake walioolewa kutoka mikoa mingine ni ndugu wa kila mtu, 0.1 hadi 0.2. Masafa ya aleli (kila herufi inapatikana kwa kiasi gani kwenye jamii) niliyatoa kwenye faili la sampuli ya Ulaya lililokuwa kwenye seva.

Niukate ukoo vipande viwili? Na huyo kijana nimtoe?

---

Mti_na_Matawi amejibu:

Mkuu, usikate na usitoe mtu bado. Mambo yako matatu yanafuatana: mti lazima uwe sahihi kwanza, kisha jenotaipu, kisha ndipo MERLIN. Ukianza na MERLIN juu ya mti wenye kosa, programu haitakwambia imekosea. Itakupa tu alama ndogo pale ambapo jeni ipo kweli.

Tuanze na PI_HAT kwa sababu ndiyo rahisi. Hesabu ile inauliza: watu hawa wawili wanafanana kuliko inavyotarajiwa kwa bahati? "Kwa bahati" inapimwa kwa masafa ya aleli. Ukimpa masafa ya Ulaya, Waafrika Mashariki wawili wasiojuana watafanana zaidi ya matarajio yale, nayo itauita mfanano huo udugu. Na ukiacha PLINK ikadirie masafa kutoka kwenye ukoo wako, ina waasisi wachache tu wa kutazama, matokeo yatayumba. Achana na PI_HAT hapa. Tumia KING, programu ya kupima udugu:

`king -b ukoo.bed --kinship`

Haihitaji masafa ya aleli. Usipunguze snipu kwa ajili ya uandamano (snipu jirani kusafiri pamoja) kabla ya kuiendesha, ipe zote zilizopita ukaguzi wa ubora. Tahadhari moja kwa pwani: ikiwa mmoja wa jozi ana mchanganyiko mkubwa wa asili ya Uarabuni au Uajemi na mwenzake hana, KING hushusha kipimo chao, wakati mwingine hadi chini ya sifuri. Hasi kwa wasio ndugu haina neno. Kwa ndugu wa mbali inaweza kukudanganya, na hapo programu ya PC-Relate inafaa zaidi.

Mipaka ya kawaida ya kipimo cha udugu ni hii: zaidi ya 0.354 ni pacha wa kufanana au sampuli moja imesomwa mara mbili, 0.177 hadi 0.354 ni mzazi na mtoto au ndugu wa baba na mama mmoja, 0.0884 hadi 0.177 ni daraja la pili (babu na mjukuu, mjomba na mpwa, ndugu wa baba mmoja mama tofauti), 0.0442 hadi 0.0884 ni binamu wa kwanza na wa karibu yao. Lakini kwenye ukoo wenye ndoa za binamu mipaka hii inasogea. Ndugu wawili ambao wazazi wao ni binamu wa kwanza hawana 0.25, wana 0.28125. Kwa hiyo usilinganishe na jedwali. Linganisha na kile mti wako wenyewe unachotarajia, kwa `kinship()` ya kifurushi cha kinship2 kwenye R, programu ya takwimu. KING nayo huweka safu ya Phi (udugu unaotarajiwa kwa mti), ila faili la PLINK kwa kawaida lina waliotolewa damu tu. Babu marehemu anayeunganisha matawi asipokuwamo, wajukuu wake wataandikwa si ndugu. Kwenye R weka watu wote 41.

kinship2 itakataa mtu mwenye baba bila mama. Ama wote wawili wawepo, ama wote wawili sifuri. `fixParents` huongeza mzazi wa kubuni palipo pengo.

Sasa kijana wa makosa 31,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 4 ya snipu zako, wakati wenzake wako chini ya asilimia 0.1. Makosa 300 ni makosa ya usomaji wa chipu. 31,000 ni mzazi asiye mzazi, au vichupa vya sampuli za damu vimebadilishana. Ila angalia: baba ambaye hana uhusiano wowote na mtoto angeleta makosa mengi zaidi, mara mbili hivi. Kiwango chako cha katikati kinanifanya niwaze baba mdogo au baba mkubwa.

Na hapa ndipo lugha yetu inapoingia kwenye data. Mtu akiulizwa "baba yake nani?" anaweza kumtaja kaka wa baba na asiwe amesema uongo hata kidogo. Kaka ni binamu, mama ni mama mdogo, na mtoto aliyelelewa na shangazi anahesabiwa wa shangazi. Fomu ya mahojiano iulize "aliyemzaa", "aliyembeba mimba", "tumbo moja au matumbo mawili", na iulizwe kwa watu wawili tofauti wa ukoo, ikiwezekana bibi mmoja wa kila tawi. Kwa ukoo wa pwani ongeza swali la ndugu wa kunyonya, maana nao huitwa ndugu.

Tazama kipimo cha kijana na huyo baba. Kikiwa karibu na 0.125 badala ya 0.25, umepata jibu.

---

biti_kwa_biti amejibu:

Naunga mkono hapo juu. Mimi niseme la MERLIN.

MERLIN hutumia njia ya Lander na Green ya 1987. Inafuata kila njia ambayo vipande vya kromosomu vingeweza kupita kwenye ukoo mzima, na kila mzawa (mtu mwenye wazazi kwenye mti) analeta maamuzi mawili: alichukua nakala ipi kwa baba, ipi kwa mama. Ukubwa wa kazi ni biti 2n − f, ambapo n ni wazawa na f ni waasisi. Wewe una wazawa 29 na waasisi 12, yaani 58 − 12 = biti 46. Kikomo cha kawaida cha MERLIN ni 24. Kila biti inazidisha kazi mara mbili, kwa hiyo 46 ni njia trilioni 70 kwa kila kiashiria (snipu inayofuatiliwa). Programu ina mbinu za kubana, lakini hata ukiandika `--bits 46` hakuna kompyuta itakayokutoa.

Njia ya Elston na Stewart ya 1971 ni kinyume chake: watu wengi haiumizi, viashiria vingi vinaiua. Ndiyo maana kuna programu za aina mbili, na ndiyo maana huwezi kuchagua kwa mazoea.

Kabla ya kukata, punguza. Anza na wale walio mwishoni mwa matawi ambao hawana damu: mtoto mzima wa afya ambaye hakupimwa na hana mtoto kwenye mti haongezi habari yoyote, anakula biti mbili bure. Kisha wenza wao ambao sasa wamebaki bila mtoto. Rudia mpaka hakuna wa kutoa. Usimguse asiyepimwa ambaye yuko katikati ya njia kati ya wagonjwa wawili, hata kama amefariki miaka 60 iliyopita. Ukifika watu 25, waasisi 9 na wazawa 16, uko biti 23 na MERLIN itapita. Mizunguko ya ndoa za binamu haiisumbui, tofauti na programu za Elston na Stewart ambazo zinataka uvunje mzunguko kwa kumwandika mtu mmoja mara mbili.

Ikikataa bado, kuna SimWalk2 au MORGAN zinazofanya kwa sampuli badala ya hesabu kamili. Endesha mara kadhaa kwa mbegu tofauti za namba nasibu. Matokeo yakitofautiana sana, mlolongo haujatulia, ongeza mizunguko.

Kukata vipande viwili ni kimbilio la mwisho, kwa sababu mbili. Ukitenganisha matawi unapoteza habari kwamba wagonjwa wa pande zote mbili walipata kipande kilekile kutoka kwa babu mmoja, na hiyo ndiyo nguvu ya ukoo wako. Na ukimwacha mtu mmoja kwenye vipande vyote viwili halafu ukajumlisha alama, umemhesabu mara mbili.

Sasa alama za LOD, yaani nguvu ya ushahidi kwamba jeni ipo karibu na kiashiria, ili ujue utarajie nini. Kizingiti cha 3 ni cha Newton Morton, 1955: uwezekano mara 1,000 zaidi kwamba jeni na kiashiria vinasafiri pamoja. Kwa utafutaji wa jenomu nzima wengi hutumia 3.3, kwa hoja ya Lander na Kruglyak ya 1995. Mtoto mmoja mgonjwa wa wazazi binamu wa kwanza hawezi kukupa zaidi ya 1.2, kwa sababu nafasi ya kupata nakala mbili za babu mmoja mahali fulani ni 1 kwa 16, na logi ya 16 ni 1.2. Kila ndugu mgonjwa anayefuata anaongeza hadi 0.6. Kila ndugu mzima anaongeza 0.125 tu. Wagonjwa watatu na wazima wawili wa nyumba moja: 2.65 kama kila kitu kikienda sawa. Haitoshi, ndiyo maana unataka nyumba ya pili iunganishwe. Fanya uigaji wa data kabla ya kitu kingine, kwa programu kama SLINK (`--simulate` ya MERLIN huiga data isiyo na jeni), uone kama ukoo wako unaweza kufika 3.3 hata bila kosa. Ni afadhali kujua mapema.

Faili la modeli, mstari mmoja:

`UZIWI 0.001 0.001,0.001,0.99 Kujificha`

Namba ya kwanza ni masafa ya aleli mbovu, tatu zinazofuata ni uwezekano wa kuugua ukiwa na nakala mbovu 0, 1 na 2. Usiweke sifuri kamili na moja kamili. Ukiweka hivyo, kiziwi mmoja aliyepata uziwi kwa homa ya uti wa mgongo atakuangushia eneo lote la kweli hadi hasi isiyo na mwisho.

Usimpe MERLIN snipu 700,000. Aleli za snipu jirani husafiri pamoja kwenye jamii nzima, na wazazi wasipopimwa MERLIN itauchukua mfanano huo kuwa urithi wa babu mmoja na kuvimbisha alama. Chagua snipu moja kila nusu sentimorgani (kipimo cha umbali kwenye kromosomu), zenye aleli ndogo juu ya asilimia 30, ubaki na 7,000 hivi. Masafa ya aleli yachukue kwa Waluhya wa Webuye, LWK, kwenye data ya mradi wa 1000 Genomes. Si watu wa pwani, lakini ni Afrika Mashariki, na ni bora zaidi kuliko faili lile la Ulaya.

---

sikio_la_kati amejibu:

Nyongeza fupi kuhusu ugonjwa wenyewe, maana naona mnaufanya kama una jeni moja.

Jeni za uziwi ni zaidi ya 100. GJB2, ambayo Ulaya na Asia ndiyo ya kwanza kupimwa, ni adimu kwenye jamii nyingi za Afrika, Ghana ikiwa ya pekee kwa badiliko la R143W. Kwa hiyo kipimo cha GJB2 kikitoka safi hakikuambii kitu. Pili, viziwi huoana. Kagua mti wako: kama kuna baba na mama wote viziwi na watoto wao wote wanasikia, uziwi wa hao wawili hautokani na jeni moja. Ukiwaweka wote kama wagonjwa wa aina moja, tawi moja litafuta alama za jingine.

Watenge wale waliougua uti wa mgongo, waliopata manjano kali wakiwa wachanga, au waliochomwa sindano za jentamaisini (antibiotiki) kabla ya uziwi. Kwenye faili waandike 0 kwenye safu ya ugonjwa, yaani hajulikani. Usiandike 1. Kama waliochomwa jentamaisini wote wanaungana kwa upande wa mama tu, hiyo si ya MERLIN tena: pima badiliko la 1555A>G kwenye mitokondria.

---

kizazi_cha_tano ameandika:

Asanteni sana wakuu, nimefanya. KING inampa kijana na "baba" yake 0.131, na mama yake 0.27. Huyo "baba" ana kaka mkubwa, yupo hai na damu yake tunayo. Kijana na huyo kaka: 0.26. Kiziwi mmoja aliugua uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu, nimemweka 0. Mti umepungua hadi biti 23.

Mawili yamebaki. Wazazi wa kijana si binamu tena kwa mti mpya? Na kuna sehemu moja ya kromosomu ambapo makosa ya urithi yamejaa kwa familia mbili, snipu 14 mfululizo, wakati kwingine ni moja moja. Nizifute?

---

Mti_na_Matawi amejibu:

0.26 na kaka mkubwa, 0.131 na mdogo wake: kaka ndiye mzazi. Hakikisha kwa safu ya IBS0 ya KING, yaani sehemu ya snipu ambapo wawili hawana aleli hata moja ya pamoja. Kati ya mzazi na mtoto iwe karibu sifuri kabisa, maana mzazi na mtoto daima wanashiriki aleli moja. Ndugu wa tumbo moja wana kipimo kilekile cha 0.25 lakini IBS0 yao si sifuri. Rekebisha mstari, kisha rudia `--mendel`. Makosa yake yashuke hadi mamia kama wenzake.

Kama mama alikuwa binamu wa "baba", basi ni binamu wa kaka yake pia kwa sababu wamezaliwa tumbo moja. Mzunguko haujavunjika.

Usizifute zile 14 kabla ya kuzitazama! Makosa yaliyotawanyika ni chipu. Makosa yaliyokusanyika mahali pamoja, kwa familia zaidi ya moja, mara nyingi ni kipande cha DNA kilichopotea. Fikiria mama mwenye A kwenye kromosomu moja na pengo kwenye nyingine: chipu inamsoma AA. Mtoto akichukua pengo la mama na B ya baba, anasomwa BB. Mama AA, mtoto BB, PLINK inapiga kelele, kumbe kila mtu ni wa kweli. Ukifuta snipu hizo umefuta pengine jeni unayoitafuta. Tazama nguvu ya mwanga wa chipu kwenye eneo lile kwa wazazi na watoto. Ikishuka nusu, ni pengo, na kwa wagonjwa wenye pengo pande zote mbili snipu hazitasomeka kabisa.

Jambo hili si la kinadharia kwetu. Kwa ualbino wa aina ya OCA2, utafiti wa 1995 juu ya wagonjwa wa Tanzania ulikuta kwamba kosa linalojirudia sana ni pengo la bezi (herufi za DNA) 2,700 ndani ya jeni hiyo. Pengo dogo hivyo linaweza kupita katikati ya snipu za chipu bila hata moja kulishuhudia, na PCR (kipimo cha kunakili kipande cha DNA) inayovuka kingo za pengo ndiyo inayoliona.

Jingine la PLINK: usitumie `--me 0.05 0.1` kama ilivyo kwenye mifano. Namba ya kwanza ni ya utatu wa baba, mama na mtoto. Utatu ukivuka kizingiti unatupwa. Andika `--me 1 0.05`. Na `--mendel` bila nyongeza hukagua tu pale baba na mama wote wapo. Kwa mzazi mmoja ongeza `--mendel-duos`.

---

biti_kwa_biti amejibu:

Ukingoja MERLIN, fanya pia vipande pacha, yaani maeneo marefu ambapo nakala mbili za mtu ni sawasawa. Lander na Botstein walieleza njia hii mwaka 1987 na kwa ukoo wako ndiyo ya haraka:

`plink --bfile ukoo --homozyg group --homozyg-kb 2000 --homozyg-window-het 1`

Hapa tumia snipu zote, si zile 7,000. Mtoto wa binamu wa kwanza anatarajiwa kuwa na vipande pacha kwenye 1/16 ya jenomu, asilimia 6.25, jumla kama Mb 180 (bezi milioni 180). Tafuta kipande ambacho wagonjwa wote wa tawi wanacho kwa aleli zilezile na hakuna ndugu yao mzima aliye nacho hivyo. "Aleli zilezile" ni muhimu: wagonjwa wawili wanaweza kuwa na vipande pacha mahali pamoja vilivyotoka kwa mababu tofauti. Kikipatana na kilele cha LOD, una eneo. Pengo la mwenzangu hapo juu nalo litajitokeza kama kipande pacha cha uongo, kwa hiyo linganisha.

Eneo si jeni, lakini. Kiashiria cha ugonjwa wa Huntington kwenye kromosomu ya 4 kilipatikana 1983, kwa msaada mkubwa wa koo za kando ya Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Jeni yenyewe ilipatikana 1993. Leo kusoma jenomu nzima kumefupisha njia, ila eneo la Mb 20 bado lina jeni nyingi za kuchuja.

---

sikio_la_kati amejibu:

Hiyo 0.131 isitoke kwenye kompyuta yako. Mti uliorekebishwa uwe faili la uchambuzi tu, lenye namba za siri. Mti wanaoujua wao ubaki kwenye faili la mahojiano, na mchoro wowote utakaowaonyesha ukoo, au kuuchapisha, usionyeshe badiliko lile. Kwenye makala andika tu kwamba mti ulirekebishwa kulingana na jenotaipu, bila kusema tawi gani, na ubadilishe mpangilio au jinsia za wasiohusika ili ukoo usitambulike.

Tazama fomu ya ridhaa mliyoitumia inasema nini kuhusu uzazi. Kama haikusema kitu, rudi kwenye kamati ya maadili iliyowapa kibali kabla ya kurudisha matokeo kwa mtu yeyote. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu, isome kabla ya kutuma sampuli au data nje.

Na namba za watu: usizitengeneze kama "3-2". Excel itaigeuza tarehe, na baba wa mtu atapotea kwenye faili kimya kimya. UK03_007 inatosha.